Kipimajoto Kiliposimama

Mimi si mwalimu. Naosha chupa za maabara,
nahesabu vipimajoto jioni: kumi na kimoja kabatini,
kimoja mfukoni mwangu, kimeviringishwa leso,
kinapanda nami kwenda Kidia
kama mgeni asiyejua anakopelekwa.

Mama anachemsha ndizi za mbege.
Ni Julai. Mlima umejifunika tangu Jumatatu.
Nikakining'iniza sufuriani kwa uzi:
sitini,
sabini na nane,
tisini,
tisini na tano. Kikasimama.

Mama akasukumia shina zima la mbuni.
Moto ukanguruma, maji yakaruka.
Zebaki haikutikisika.
"Sasa kuni zangu zinakwenda wapi?"
kwa sauti ile ya kumdai mwenye duka chenji.

Joto fiche, mama. Linaingia lisijionyeshe.
Halipandishi jotoridi hata nukta,
lina kazi nyingine: kuyafungua maji vifungo,
kimoja kimoja, mpaka yawe mvuke, yaende.
"Kumbe linajificha. Kama nani?"
Nilinyamaza. Sufuria ikajibu.

Mwalimu Lyatuu hurudia kila muhula:
joto si jotoridi. Jotoridi ni kimo cha maji mtungini,
joto ni yale yanayomiminwa. Hakuna amilikiye joto.
Ni mpita njia, hutoka penye moto kwenda penye baridi,
wala halijapata kurudi lenyewe.
Nasi twasema tunasikia joto, tunasikia baridi,
kana kwamba vyote viwili vinaongea.
Baridi haiongei.
Baridi ni mlango uliobaki wazi.

Kaka yangu Ndewirwa alipikia wageni mlimani miaka tisa.
Kule Barafu, alisema, maji huchemka upesi
na maharage hayaivi. Nyuzi themanini na tano tu:
kelele nyingi, kama harusi ya watu wasiopendana.
Alishuka mwaka juzi, vidole viwili vya mguu vyeusi,
na hakueleza.
Sasa hukaa upande wa pili wa jiko.
Makaa humfikia usoni bila kumgusa,
kijiko cha chuma humfikia kiganjani,
moshi humpita juu ya kichwa, kwenda zake.
Usiku mama humwekea miguuni chupa ya maji ya moto,
kwa sababu maji hayana haraka:
huchelewa kupata moto, huchelewa kusahau.
Bati husahau kabla hujageuka.

Mama akafunua majani ya mgomba.
Mvuke ukamlamba kifundo cha mkono,
palepale penye kovu la zamani.
Nikaanza kueleza kwa nini mvuke huchoma
kuliko maji ya nyuzi zilezile: ukigusa ngozi
unarudi kuwa maji, na kila kijiti cha kuni
ulichokimeza unakitapika hapo hapo.
"Najua," akasema, akipuliza mkono.
"Unalipa deni lote. Ila kwa mtu asiyedai."

Mkunde wa kidato cha tatu aliandika kwenye mtihani:
*joto fiche ni lile ambalo maji hayalitoi
mpaka yaanze kuganda.*
Alipewa alama moja kati ya nne. Hakutaja kizio.
Mimi naosha chupa. Ningempa zote.

Tulipokwisha kula, Ndewirwa akanyoosha mkono.
"Lete hicho."
Akakifuta kwa shati, akakibana kwapani,
akangoja kama anayengoja jina lake lisomwe,
kisha akainamisha shingo, akakisoma kingali palepale:
thelathini na sita na nusu.

Akakitazama sana.
Mama aliacha kukoroga.
"Kibovu hiki," akasema, akanirudishia.

Asubuhi nilivihesabu tena kabatini, nikavichovya
vyote pamoja kwenye ndoo moja ya maji.
Kumi na viwili.
Vyote vilisema sawa.